Mteremko Kwanza, Kanuni Baadaye: Maoni Juu ya Kufundisha Mawimbi ya Plazma

Miongoni mwa mazoea yanayodhoofisha ufundishaji wa fizikia katika shule zetu ni hili la kuanza na fasili, kisha kanuni, kisha hesabu, na mwisho kumwacha mwanafunzi akiwa na daftari lililojaa na kichwa chenye kiu. Tumelizungumza jambo hili mara nyingi katika vikao vya wakufunzi. Safari hii tumeona yafaa tulipime kwa mada ambayo wengi wataiona kuwa ni ya mbali mno: mawimbi ya msogeo na msukosuko katika plazma iliyofungwa kwa sumaku. Tunaichagua kwa makusudi. Ikiwa mada ngumu kama hii yaweza kuelezwa kwa njia ya kufikiri, na kwa vitu ambavyo mwanachuo huviona kila siku chini ya Mlima Meru, basi hatutakuwa na udhuru wa kuimbisha fasili za mada zilizo nyepesi.

Hatusemi kwamba mawimbi hayo yaingizwe katika mihtasari ya sekondari. La hasha. Tunasema kwamba mwalimu wa fizikia anayeelewa kiini chake atafundisha vizuri zaidi joto, sumaku, umeme na mawimbi, kwani mambo hayo manne hukutana hapo.

Hali ya nne ya maada

Mwanafunzi hufundishwa kwamba maada ina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Orodha hiyo huishia hapo kana kwamba Jua halipo. Gesi ikipewa nishati ya kutosha, elektroni hubanduka kutoka katika atomu, na gesi hugeuka kuwa mchanganyiko wa ioni na elektroni unaopitisha umeme na kutii sumaku. Mchanganyiko huo ndio plazma. Jua ni plazma, na nyota zote tuzionazo usiku ni plazma.

Wala si lazima kutazama mbinguni. Taa ya tyubu ya darasani, ikiwa bado ni ya aina ya gesi, ina plazma ndani yake. Cheche ya fundi wa kuchomelea vyuma kule Unga Limited ni plazma. Katika kituo kikubwa cha umeme cha hapa Njiro, swichi kubwa inapokata mkondo, huzuka upinde wa moto kati ya ncha zake mbili kabla haujazimwa. Upinde huo nao ni plazma. Radi inayopiga juu ya Meru wakati wa masika ni plazma. (Mwalimu awaonye wanafunzi wasiitazame cheche ya kuchomelea kwa macho matupu, na kituo cha umeme kitazamwe kutoka nje ya ua.)

Aidha, hapa Njiro zipo ofisi na maabara za Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya mwaka 2003 ili kusimamia matumizi salama ya mionzi. Hakuna mtambo wa plazma mle, na kazi yake ni nyingine. Hata hivyo jina lake pale barabarani huzusha maswali kwa vijana: nguvu ya atomu ni nini, na je, yaweza kupatikana bila kupasua urani? Mwalimu aliyezoea kuimbisha hujibu kwamba hilo halimo katika mtihani. Mwalimu tunayemtaka hulishika swali hilo kama mvuvi ashikavyo mshipi uliotikiswa.

Jibu ni kwamba njia ya pili ipo, nayo ni ile ya Jua: kuunganisha viini vyepesi vya haidrojeni. Hapa duniani hilo hudai plazma yenye joto la zaidi ya nyuzi milioni 100. Hakuna chungu kiwezacho kuishika. Kwa hiyo hufungwa kwa uga wa sumaku katika chombo chenye umbo la pete kiitwacho tokamaki. Mtambo wa JET, uliofanya kazi huko Culham, Uingereza, tangu 1983 hadi 2023, ulitoa katika jaribio moja la Oktoba 2023 megajuli 69 za nishati ya muungano wa viini. Mwanafunzi akizigawa megajuli hizo kwa 3.6, ataona kwamba ni kiasi cha yuniti 19 kwa kipimo cha mita ya LUKU. Tena nishati hiyo ilikuwa joto, si umeme, nayo ilikuwa pungufu ya ile iliyotumika kuipasha plazma. Mwanafunzi makini atauliza papo hapo: baada ya miaka mingi ya kazi, mbona ni kidogo hivyo? Sababu ziko kadhaa, lakini mojawapo iliyo kubwa ndiyo mada yetu: joto huvuja, na linalolivujisha ni msukosuko.

Mteremko ndio chanzo

Hapa ndipo tunapomwomba mwalimu aiweke kanuni kando kwa muda, awatoe wanafunzi nje, na kuwaelekeza watazame mlima.

Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, na kilele cha Meru kiko zaidi ya mita 4,500. Kwa kadiri ya nyuzi sita kwa kila mita 1,000, mtu atokaye mjini hadi kileleni huacha nyuma karibu nyuzi 20 za joto. Huo ni mteremko wa joto, na sote tunajua unavyotenda kazi: hujenga mawingu, husukuma upepo, huleta mvua. Sasa mwanafunzi aambiwe afikirie mteremko mwingine, ambao katikati una nyuzi milioni 100, na ukutani, mita moja au mbili tu kutoka hapo, una joto la chombo cha kawaida cha chuma. Kisha aulizwe: je, kitu chenye mteremko mkali namna hiyo chaweza kukaa kimya?

Swali hili ni bora kuliko fasili yoyote. Ndani yake mna wazo ambalo mwanafunzi atalitumia maisha yake yote: penye tofauti pana nishati ya kuchota, na tukutiko dogo laweza kuichota likawa kubwa. Wakulima wa Kimeru na Kiarusha, ambao kwa vizazi vingi wamechimba mifereji ubavuni mwa mlima huu, wanalijua wazo hilo bila kulisoma. Mfereji ukielekezwa kwa mteremko mpole, maji hutembea. Ukielekezwa kwa mteremko mkali mno, maji huanza kukwaruza kingo, na tundu dogo hugeuka korongo.

Wimbi lenyewe

Baada ya hapo mwanafunzi yuko tayari kusikia habari za wimbi la msogeo. Tunapendekeza lielezwe kwa hatua nne, na mwalimu asivuke hatua moja kabla darasa halijaikamata.

Hatua ya kwanza: katika uga wa sumaku wenye nguvu, ioni na elektroni huzunguka mistari ya uga kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba azungukavyo mti. Kufuata mstari huteleza kwa urahisi; kuuacha na kwenda pembeni ni vigumu.

Hatua ya pili: tuseme mahali fulani kwenye mteremko plazma imesongamana kidogo kuliko jirani zake. Elektroni ni nyepesi mno, hivyo hukimbia haraka kwa kufuata mistari ya uga na kuuacha msongamano huo. Ioni ni nzito, hubaki nyuma. Mahali pale hubakiwa na chaji chanya.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashangaza wanafunzi. Chaji hiyo husukuma, lakini chini ya sumaku chembe inayosukumwa na umeme haiendi upande iliyosukumwa, huenda kiubavu. Kwa hiyo plazma huanza kuuzunguka ule msongamano kama kisulisuli. Upande mmoja wa kisulisuli huleta plazma nzito kutoka ndani kwenda nje, na upande wa pili huleta plazma nyepesi kutoka nje kwenda ndani. Msongamano hujazwa upande mmoja na kulika upande mwingine, na matokeo yake ni kwamba unasogea. Hausogei kupanda wala kushuka, bali huambaa ubavu wa mteremko, kama mtu aendaye kutoka Ngaramtoni hadi Tengeru kwa kuzunguka chini ya Meru, asiyepanda kwenda kileleni wala kushuka kwenda tambarare. Ndiyo sababu twaliita wimbi la msogeo.

Hatua ya nne ni kuuliza: je, wimbi hili litakua? Elektroni zikijibu papo hapo, halikui, linapita tu. Lakini elektroni zikicheleweshwa kidogo, ama kwa kugongana na ioni au kwa sababu nyingine, kisulisuli hakikai tena sawasawa juu ya msongamano. Upande unaoleta plazma nzito huangukia mahali palipokwisha kuwa pazito. Wimbi hujilisha lenyewe, na kila linapokua, plazma hushuka mteremko na joto hutoroka. Mwanafunzi aliyesukuma bembea anajua kwamba si nguvu peke yake inayoikuza, bali ni wakati wa kusukuma. Ucheleweshaji mdogo ndio tofauti kati ya wimbi lisilodhuru na lile linalovunja ngome.

Mwalimu atagundua kwamba katika hatua zote nne hakuandika kanuni hata moja, lakini darasa limetumia sheria za umeme, sumaku na mawimbi. Sasa aandike kanuni. Zitakapofika zitapokewa kama muhtasari wa jambo linalojulikana, wala si kama amri itokayo juu.

Historia nayo ni zana

Mbinu ya pili tunayoitetea ni kueleza jinsi jambo lilivyojulikana, pamoja na mabishano yake. Mwaka 1960 huko Princeton, Marekani, Nathan Rynn na Nicola D'Angelo walieleza mtambo mdogo wenye plazma ya metali kama sesiamu na potasiamu, uliotengenezwa kusudi uwe mtulivu. Hata herufi iliyopewa jina lake, Q, ilisimama kwa utulivu. Lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika plazma hiyo tulivu ndimo mawimbi ya msogeo yalipoonekana katika miaka iliyofuata, na mwaka 1968 Hendel, Chu na Politzer wakayatambulisha kwa vipimo na kuonyesha kwamba yanapokua, plazma huvuja zaidi.

Wakati huohuo wananadharia walikuwa wakibishana. Ilionekana katika miaka ya 1960 kwamba mteremko wa msongamano peke yake watosha kuzaa wimbi linalokua, nao wakaliita la kiulimwengu, kwa kuwa hakuna plazma iliyofungwa isiyokuwa na mteremko. Mwaka 1978 ikathibitishwa kwamba mistari ya uga ikipindana kadiri unavyotoka ndani kwenda nje, mawimbi yaliyochunguzwa hayakui. Mlango ukadhaniwa umefungwa. Mwaka 2015 Landreman, Antonsen na Dorland wakaonyesha kwamba kwa mawimbi mafupi zaidi hali ile ya kutotulia bado ipo. Miaka 37 ilipita kabla ya swali hilo kufunguliwa upya! Mwanafunzi anayesikia kisa hiki hujifunza kwamba sayansi ni hoja zinazopimwa, zinazokataliwa na wakati mwingine kurudishwa. Haikushuka ikiwa imekamilika.

Yafaa pia ijulikane kwamba sehemu ya mazungumzo hayo ilifanyika katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu kama sisi. Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia kilichofunguliwa mwaka 1964 huko Trieste, Italia, na Abdus Salam wa Pakistan kilikusudiwa kuwafaa wanasayansi wa nchi changa. Mwaka 1965 na 1966 kiliwakutanisha wanafizikia wa plazma wa Marekani na wa Urusi ya Kisovieti, miongoni mwao Marshall Rosenbluth na Roald Sagdeev, katika enzi ambayo serikali zao zilitazamana kwa uhasama. Mwanafunzi wa Njiro hana sababu ya kudhani kwamba elimu hii ni mali ya wengine.

Mfano una mpaka wake

Hapa hatuna budi kutoa onyo. Mfano ni daraja. Si nyumba ya kukaa. Mwalimu akiusifu mfereji wake bila kuonyesha unapokomea, atakuwa amebadilisha ujinga mmoja kwa mwingine. Maji ya mfereji huvutwa na uzito wao na hushuka moja kwa moja. Plazma husogea kiubavu. Matone ya maji hugongana daima. Chembe za plazma ya moto hugongana kwa nadra. Kingo za mfereji ni udongo. Kingo za plazma ni uga usioonekana. Tunashauri kila mfano uandikwe ubaoni kwa safu mbili: panapofanana na pasipofanana. Safu ya pili ijazwe na wanafunzi wenyewe, kwa maana ndiyo inayoonyesha kama wameelewa.

Lakini ipo mifano ambayo mpaka wake uko mbali kuliko tunavyodhani. Mwaka 1977 Akira Hasegawa na Kunioki Mima walipoandika mlinganyo wa msukosuko wa mawimbi ya msogeo, ulikuwa na umbo lilelile la mlinganyo ambao Jule Charney aliuandika mwaka 1948 kuhusu mawimbi makubwa ya angahewa ya dunia. Katika plazma sumaku hushika nafasi ambayo katika angahewa hushikwa na mzunguko wa dunia. Na kama vile misukosuko ya anga hujenga mikanda ya upepo, ile tuionayo kwa darubini juu ya sayari ya Mshtarii, ndivyo misukosuko ya plazma hujenga mikondo inayopita kiubavu na kuvikatakata visulisuli vilivyoizaa. Mwaka 1982, katika mtambo wa ASDEX huko Garching, Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake waliona plazma ikibadilika ghafla, joto likahifadhiwa karibu mara mbili ya awali. Leo inaeleweka kwamba mikondo ya kiubavu ukingoni ilikuwa imeukata msukosuko. Mvujo ulijengewa kizuizi na mwendo wa plazma yenyewe.

Juu ya vichwa vyetu

Wapo watakaosema kwamba haya yote yako Ulaya na Marekani. Tuwajibu kwa kuwaelekeza juu. Kuanzia kilomita mia moja hivi na kuendelea kuna tabaka la ayonosfia, ambalo ni plazma iliyo ndani ya uga wa sumaku wa dunia. Ikweta ya sumaku hupita kaskazini yetu, katika nchi ya Ethiopia, na Tanzania imo katika ukanda wa jirani. Baada ya magharibi, tabaka la chini hufifia, na plazma nzito hubaki imekaa juu ya nyepesi. Mteremko uliopinduka hivyo hautulii. Mapovu ya plazma nyepesi hupanda juu na kuzitikisa mawimbi ya redio zinazopita. Hali hiyo ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1938 na Booker na Wells kutokana na vipimo vya Huancayo, Peru. Si wimbi la msogeo hasa, kwa kuwa hapo uzito ndio unaosukuma, lakini ni ndugu wa karibu: mteremko, uga, na tukutiko linalojilisha. Mpima ardhi anayetumia setilaiti huko Arumeru aweza kupata kipimo kilichoyumba kwa sababu hiyo. Na kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, karibu na Malindi, Waitalia walirusha kutoka jukwaa la San Marco setilaiti kadhaa tangu 1967. Ya mwisho, mwezi Machi 1988, ilikwenda kuchunguza tabaka hizohizo za juu.

Hoja ya lugha na hoja ya vifaa

Pingamizi mbili husikika kila mara. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno. Ni kweli kwamba shule zetu za sekondari hufundishia fizikia kwa Kiingereza, na mwalimu hana mamlaka ya kubadili hilo. Lakini hakuna sheria inayomkataza mwanafunzi kufikiri kwa lugha anayoifikiria. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990. Katika makala haya tumetumia mteremko, uga, kisulisuli, msogeo na msukosuko, na tunaamini msomaji hakujikwaa. Mwanafunzi aeleze sababu kwanza kwa Kiswahili, kisha aiandike kwa lugha ya mtihani. Asiyeweza kueleza kwa lugha yake, aghalabu hajaelewa kwa lugha yoyote.

Pingamizi ya pili ni kwamba hatuna vifaa. Kijiti kimoja cha udi katika chumba kisicho na upepo chatosha kuanza. Moshi hupanda kwa ustaarabu kwa sentimeta kadhaa, kisha hutetereka, kisha hujikunja na kuvurugika. Mwulize mwanafunzi ni wapi unapobadilika, na kwa nini si chini zaidi au juu zaidi. Kipindi kizima kitakwisha kwa swali hilo, na hakitakuwa kimepotea.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wa fizikia apimwe kwa namna anavyojenga sababu kabla ya kanuni, na andalio la somo lionyeshe swali atakaloanza nalo. Pili, kila andalio linalotumia mfano lionyeshe mpaka wa mfano huo. Tatu, kila chuo kikusanye mifano ya mazingira yake, wa Meru mifereji na wa pwani maji kujaa na kupwa, na ibadilishwe kati ya vyuo kwa njia ya kurasa hizi.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitutaka tumjengee kijana akili ya kudadisi. Akili hiyo haijengwi na mwalimu anayejua majibu yote, bali na mwalimu anayejua ni swali gani liulizwe kwanza. Tunawaalika wakufunzi wenzetu, hasa wale wasiokubaliana nasi, watuletee hoja zao na mifano waliyoijaribu darasani.